Magunia ya chumvi yanaishia wapi, maana jikoni sio

Ukiandika "chumvi ya mawe" kwenye simu sa hivi, wanaokuja mbele wote ni waganga. Kuondoa nuksi, kuvuta wateja, kumrudisha mume, oga nayo usiku usiongee na mtu, mwaga mlangoni alfajiri kabla jirani hajafagia. Mimi nauza chumvi hapa Mwanga, Kigoma mjini, jumla na rejareja, na wateja wa nuksi ninao na siwafukuzi, wanakuja kimyakimya jioni wanataka ya mia tano tu, af wanaomba mfuko mweusi. Sawa. Ila hao sio wanaolipa kodi ya fremu.

Na wewe unayepika, samahani, wewe pia hulipi kodi ya fremu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa sana, haya piga hesabu, familia ya watu sita wakifuata hilo mwaka mzima hawafiki kilo 11. Najua wengi hatufuati, tunazidisha, weka hata mara mbili, bado hujamaliza gunia dogo. Kuna mtu wa ngozi za ng'ombe anakuja asubuhi na guta, anabeba kwa mara moja kinachoweza kulisha mtaa mzima miezi. Dunia nzima inatoa zaidi ya tani milioni 250 za chumvi kila mwaka na inayoingia kwenye sufuria ni sehemu ndogo tu. Iliyobaki inaenda wapi? Ndo nataka tuongee, maana mtu akinikuta napakia magunia ananiuliza "kaka, nani anakula chumvi yote hii" na jibu lake lefu kuliko muda wa kusimama juani.

Kwanza ijulikane tunaongelea chumvi gani. Sokoni kwetu watu wanaita ya mawe kitu chochote chenye punje kubwa, na nyingi ya hiyo ni ya bahari, ya Bagamoyo, Lindi na Mtwara huko, maji ya bahari yanafungiwa kwenye mabwawa jua linakausha wanakwangua. Chumvi ya mwamba yenyewe ni nyingine, ni bahari za zamani sana zilizokauka zikafukiwa chini, unachimba kwa baruti na mashine kama unavyochimba makaa ya mawe. Kule Khewra Pakistan ndo inatoka ile ya pinki ambayo dada zetu wa Dar wananunua kwa bei ya nyama, kinachoipa rangi ni chuma, yaani kutu kidogo, basi. Mgodi wa chumvi mkubwa kuliko yote uko Goderich, Canada, uko chini ya ziwa, chini kabisa ya Ziwa Huron, watu wanaendesha malori huko. Na Wieliczka, Poland, wachimbaji walichonga mpaka kanisa ndani ya mgodi, kuta chumvi, sakafu chumvi, hata taa za kuning'inia zimenakshiwa kwa chumvi.

Alafu kuna njia ya tatu ambayo ndo inahusu mkoa wetu. Viwanda vingi vikubwa huko nje havihangaiki kushusha watu shimoni, vinatoboa kisima mpaka kwenye tabaka la chumvi, vinasukuma maji chini, maji yanayeyusha chumvi, vinayavuta juu yakiwa yamekolea. Sasa Uvinza ardhi imefanya kazi hiyo yenyewe bila kuombwa. Pale karibu na mto Ruchugi unapoingia mto Malagarasi kuna chemchemi, maji yanatoka chini yakiwa na chumvi kali, ukionja ulimi unakataa. Watu wamechemsha maji yale kwenye vyungu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na sisemi kwa kukuza, wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale miaka ya sitini wakakuta vigae na majivu tabaka juu ya tabaka. Ilikuwa kazi ya kiangazi maana masika mito inajaa inafunika chemchemi, kwaiyo wakati wa kiangazi Waha, Wanyamwezi, Wajiji, Warundi, wote walikuwa wanamiminika, wanapiga kambi, wanachemsha, wanafunga mizigo wanaondoka. Wale Wazungu wasafiri, Burton na Speke, walipopita 1858 kuelekea Ujiji chumvi ya Uvinza ilikuwa tayari inatembea mbali, mpaka huko Unyanyembe, Tabora, ilikuwa mali kamili, unanunulia chakula, jembe, unalipia hongo, yaani ushuru wa kupita nchi ya chifu. Wajerumani wakaja wakaweka kiwanda wakakipa jina lao Gottorp, reli ikafika Kigoma 1914 na chumvi ikapata mabehewa. Kilichoumia ni miti. Kuchemsha maji mpaka yakauke ni kazi ya kuni nyingi mno, na miyombo ya pande zile imelipa bei hiyo, ndo maana mimi nasemaga jua lifanye kazi pale linapoweza kufanya, mabwawa ya kukaushia yapewe nafasi.

Haya, turudi kwenye magunia.

Mteja wangu mkubwa ana miguu minne. Wafugaji wa Nguruka, Kaliua, Urambo, huko kote Wasukuma wameshuka na ng'ombe, na ng'ombe bila chumvi ni shida. Majani yana potasiamu ya kutosha ila sodiamu yake ndogo, hasa kiangazi yakishakauka, kwaiyo mnyama anaanza vituko, analamba udongo, analamba ukuta wa nyumba, analamba jasho kwenye shati la mchungaji, wengine wanakunywa mkojo wa wenzao. Ukiona hivyo sio kurogwa, ni chumvi. Hapa ndo jiwe la mwamba linapopiga bao chumvi ya punje, punje ukiimwaga kwenye sinia mvua moja imeondoka, jiwe linakaa. Niliwahi kukaa kwenye boma moja huko Nguruka nasubiri hela yangu, wamening'iniza jiwe kwa kamba kwenye mti, limelambwa mpaka limetoboka katikati laini kama kioo, ng'ombe wamejipanga mkubwa kwanza wadogo nyuma na ndama mmoja anajipenyeza chini ya tumbo la mama yake anatoa ulimi mrefu kufikia ukingo. Mzee mwenye boma anasema "hawa wakikosa jiwe jioni hawarudi zizini kwa hiari". Kuna yale mawe ya kutengenezwa pia, mekundu na ya bluu, yamechanganywa madini mengine kama shaba, fosforasi na kobalti, ni mazuri zaidi kwa ng'ombe wa maziwa. Kitu kimoja tu, maji yawepo karibu. Mnyama akila chumvi nyingi akakosa maji anaweza kufa, nguruwe na kuku ndo wepesi zaidi, kwaiyo wale wanaomwaga makombo ya dagaa wa chumvi bandani waangalie.

Mtu wa ngozi naye. Ngozi ikishatoka kwa ng'ombe inaanza kuoza ndani ya masaa, joto letu hili halisubiri. Anaikwangua nyama zilizobaki, anaitandaza upande wa manyoya chini, anamwaga chumvi upande wa ndani na kuisugua kwa kiganja mpaka pembeni, mkiani, shingoni, kwenye mikunjo ya makwapa ambako wavivu wanaruka na ndo panaanzaga kunuka. Alafu ngozi nyingine juu, chumvi, nyingine juu, chumvi, rundo linapanda na maji yanaanza kutiririka chini yenyewe. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye ngozi na vijidudu navyo vinanyonywa maji, vinakwama. Anataka punje ya kati, laini sana inaganda inakuwa ukoko na chini hakujaingia kitu, kubwa sana inachelewa kuyeyuka. Na anachagua, akipata ya mwamba anafurahi kuliko ya bahari, sababu ya bahari mara nyingi inakuja na vijidudu vinavyoipenda chumvi yenyewe, vinatoa madoa mekundu kwenye ngozi na mnunuzi wa kiwandani akiona doa anashusha daraja. Sasa mtu kama huyo ukimwambia chumvi ni chumvi tu anakuangalia kama hujaenda shule.

Samaki najua mnasubiri niseme. Dagaa wa Kigoma wenyewe kikawaida hawahitaji chumvi, jua linatosha, wanaanikwa kichangani au kwenye vichanja wanakauka siku hiyohiyo. Tatizo masika. Mvua ikishika kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga mzigo umeingia alfajiri na jua hakuna, hapo ndo simu zinaanza kuita, wanawake wa mwaloni wanataka chumvi sasa hivi sio baadaye, na bodaboda anapandisha bei ya kubeba kwa sababu anajua. Migebuka na kuhe wakubwa ndo hasa wa chumvi, wanapasuliwa mgongoni wanatandazwa, chumvi inaingizwa kwenye nyama, wanapangwa kwenye pipa au kwenye beseni kubwa. 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, mimi sijawahi kuvua hata siku moja maishani ila nilifunga pamoja nao, magunia yalikaa yananitazama. Siongei vibaya kuhusu kufunga ziwa, samaki walikuwa wameisha kweli, nasema tu mnyororo ni mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Hospitali nitapita haraka. Dripu ya chumvi ile inayoning'inizwa ni gramu 9 za chumvi safi kwa lita moja ya maji, inakaribiana na damu, ndo maana haichomi. ORS, ile dawa ya pakiti ya kuharisha, ni chumvi na glukosi na vitu viwili vingine, sukari inasaidia utumbo kuvuta chumvi na chumvi inavuta maji nyuma yake. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi kwa kudhani inakuwa dawa kali zaidi, hasa kwa mtoto. Wakimbizi wa Burundi walipojazana pale Kagunga, mwambao wa ziwa, 2015 na kipindupindu kikalipuka, kilichookoa watu wengi ni vitu hivyo viwili, maji ya chumvi ya kunywa au ya mshipa, na klorini kwenye maji, na klorini nayo inatoka kwenye chumvi, nakuja huko.

Na madini joto, yaani ayodini. Sisi watu wa mikoa iliyo mbali na bahari tumeishi na tezi la shingo miaka mingi, wazee wetu mnawakumbuka, mpaka serikali ilipobana kwenye miaka ya 90 chumvi ya kula iwekwe madini joto. Hii ndo sababu nikiona mtu anachukua chumvi ya ng'ombe au ya ngozi anaenda kupikia eti ni "natural" namzuia, haijawekwa madini joto na wala haijasafishwa kwa ajili ya mdomo. Na ile yenye madini joto usiiache wazi karibu na jiko au dirishani juani, yanapotea. Kopo lenye mfuniko, kavu, weka chumvi mwishoni chakula kikikaribia kuiva.

Sasa kitu ambacho wateja wangu hawakiamini nikiwaambia ni barabara. Marekani karibu asilimia 40 ya chumvi yao yote inamwagwa barabarani. Inamwagwa! Theluji ikianguka malori yanapita yanatawanya chumvi ya mwamba kama anayerusha mbegu, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi kwenye sifuri, ukikoleza vizuri, kama asilimia 23 hivi, yanavumilia mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri ndo yagande. Kwetu hapa barabara inaharibiwa na mvua na malori tu, tunasema hayatuhusu. Yanatuhusu. Haya magari ya Japani tunayoagiza, mengine yametoka upande wa Hokkaido kwenye baridi, yametembea miaka juu ya chumvi hiyo, juu linang'aa rangi imepigwa polishi ila ingia uvunguni, angalia chesesi, angalia mabomba ya breki, kutu imekula mpaka chuma kinamenyeka kwa ukucha. Kabla hujalipa omba picha za chini, na ukisikia "hapana hizo hatupigi", ujumbe umeupata.

Baridi hiyohiyo ukiigeuza ni biashara. Wale waliotengeneza ice cream bila friji enzi hizo walikuwa wanaweka chombo cha maziwa ndani ya ndoo ya barafu iliyochanganywa chumvi ya mawe, barafu inayeyuka kwa nguvu inanyang'anya joto lote kwenye maziwa, maziwa yanaganda huku unakoroga. Bado inafanya kazi, jaribuni na watoto. Umeme ukikatika wakati una soda za harusi zinatakiwa zipoe haraka, barafu, maji na chumvi kwenye beseni kubwa, ndani ya muda mfupi chupa zinatoka jasho.

Kuna na hili nalipenda japo halina mteja Kigoma, mashimo yenyewe. Tabaka la chumvi chini ya ardhi halipitishi maji wala gesi kirahisi na likipasuka linajifunga lenyewe taratibu kwa uzito wa juu, kwaiyo Wamarekani wamehifadhi mafuta yao ya akiba ya taifa kwenye mapango ya chumvi huko Texas na Louisiana, mafuta ghafi yamekaa tu mle chini. Kansas, pale Hutchinson, kwenye mgodi wa chumvi wanatunza mikanda ya filamu na nyaraka maana hewa ya mle ni kavu mwaka mzima. New Mexico wanazika taka za nyuklia kwenye chumvi zaidi ya mita 600 chini tangu 1999. Yaani umeuza chumvi umelipwa, alafu unakodisha na tundu ililotoka. Mfanyabiashara ndani yangu anaumia.

Nisisahau wa pembenipembeni: mafundi batiki na wanaotia rangi vitambaa vya pamba, chumvi inasukuma rangi iingie kwenye uzi badala ya kubaki kwenye maji. Mahoteli na hospitali zenye mashine za kulainisha maji, ile mashine ina punje za plastiki zinazokamata chokaa, zikishiba unazisuuza kwa maji ya chumvi zinatema chokaa zinaanza upya, bila hivyo boila inaota gamba. Wanaoua majani ya uani kwa chumvi nao wapo, hao nawashauri waache, pale hapataota kitu unachokitaka pia.

Sasa sabuni, na hapa naomba mnivumilie maana ndo kitu nimekibeba moyoni muda mrefu.

Kigoma tuna mawese. Ukitoka hapo mjini kuelekea vijijini michikichi kila mahali, mawese ya kula na mise ya kokwa, na mise ndo inatoa sabuni nyeupe yenye povu. Kuna mama mmoja mteja wangu anapika sabuni nyumbani, pipa lililokatwa nusu juu ya mafiga, mafuta yamechemka, anamimina maji ya kostiki (caustic soda) taratibu huku kijana wake anakoroga kwa mti mrefu na wote wameangalia pembeni mvuke usiwapige usoni. Inakuwa uji mzito. Hapo ndo ananiita mimi, yaani chumvi yangu. Anayeyusha chumvi kwenye ndoo anamwaga ndani, na nilipoona mara ya kwanza nilidhani ameharibu mzigo, ule uji ulikatika vipandevipande kama maziwa yaliyoganda, vipande vikaelea juu, chini yakabaki maji ya kahawia. "Subiri mwanangu, inatenga," ananiambia, "kilichopanda juu ndo sabuni, hicho cha chini uchafu na kostiki iliyobaki." Na gliserini pia imo huko chini, wenye viwanda wanaitoa wanauza ghali, yeye anaimwaga. Anachota vile vya juu kwa chujio anamimina kwenye boksi la mbao, kesho yake anakata kwa waya. Sabuni iliyotengwa kwa chumvi inakuwa ngumu, haiyeyuki ovyo kwenye maji, haichubui mikono.

Chumvi hiyo ni ya kutenga tu. Kostiki anayoimimina mwanzoni, ile mifuko ya vipande vyeupe inayounguza kidole ukiigusa na jasho, ukisoma mfuko umeandikwa imetoka China au India. Na kostiki inatoka wapi? Kwenye chumvi. Unachukua maji ya chumvi yaliyokolea, unasafisha, unapitisha umeme, unapata vitu vitatu: kostiki, klorini na hidrojeni. Hakuna malighafi nyingine ya ajabu. Tani moja ya kostiki inakula kama tani moja na nusu ya chumvi na umeme yuniti 2,000 na ushee. Basi! Huko nje hayo ni moja ya matumizi makubwa kabisa ya chumvi, hawaipeleki sokoni, wanaivuta kama maji kutoka ardhini wanaipeleka kwenye umeme moja kwa moja, na humo ndo inatoka nusu ya vitu vilivyoko nyumbani kwako. Bomba la plastiki la PVC, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Dawa ya kutibu maji, dawa ya kufulia mashuka meupe, karatasi, alumini inayosafishwa kwa kostiki, madawa ya hospitali. Klorini hiyohiyo Wajerumani waliiachia upepo vitani Ypres, Ubelgiji, 1915 ikaua wanajeshi, kwaiyo sio kitu cha kuchezea uani.

Sasa mama yangu wa sabuni ana mise ya Kigoma, kuni za Kigoma, chumvi ya Uvinza, na kitu pekee kinachomfanya apandishe bei kila dola ikipanda ni chumvi ya watu wengine iliyopitishwa umeme wa watu wengine ikapanda meli. Maji ya chumvi yanatoka yenyewe ardhini mwendo wa saa mbili kutoka hapa alipo.

Mtu atasema umeme. Ni kweli, huu mkoa umeishi kwa majenereta ya dizeli miaka na miaka, nani angewasha kiwanda cha kula umeme hivyo, ungekuwa unachoma dizeli kutengeneza sabuni. Ila mambo yamebadilika, gridi imeingia na pale Igamba kwenye maporomoko ya Malagarasi ndo ule mradi wa megawati 49.5, mto uleule unaopokea Ruchugi ya Uvinza. Nimekaa na kikokotoo. Megawati moja ikiwaka masaa 24 ni yuniti 24,000, weka kila tani ya kostiki yuniti 2,400 tusijidanganye, unapata tani 10 kwa siku. Megawati moja tu. Na viwanda vya aina hii vidogo vipo duniani, vinakuja kwenye makontena, vingi vinafungwa kwenye mitambo ya kutibu maji.

Nimewaonyesha hesabu hii watu wawili watatu wanaojua mambo na wote wananiuliza kitu kimoja ambacho mimi muuza chumvi sikukiwaza kabisa, nilikuwa nimeishia kwenye kostiki. Tani 10 za kostiki zinakuja na karibu tani 9 za klorini, kila siku, upende usipende, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine. Huwezi kuimwaga ziwani, huwezi kuiachia hewani. Mamlaka za maji za Kigoma, Kasulu, Tabora, Kibondo na Kahama zote kwa pamoja haziwezi kumaliza tani 9 kwa siku. Ukiigeuza kuwa dawa ya kufulia inarudia kukula kostiki yako ileile uliyoitafuta na yenyewe kwenye dumu juani inapungua nguvu kila wiki, sio kitu cha kuweka stoo. PVC inataka kiwanda kingine kikubwa zaidi na malighafi ya petroli. Ukiichanganya na hidrojeni unapata asidi ya haidrokloriki, hiyo wachimbaji na wenye viwanda vya chuma wananunua, ila soko lake huku kwetu sijui likoje na kuisafirisha kwenye treni sio kama kusafirisha mihogo.

Kwaiyo labda kianze kidogo, tani moja kwa siku, klorini iende kwenye maji ya kunywa na dawa ya kuulia vijidudu hospitalini, kostiki iende kwa wapika sabuni wa hapahapa. Wahandisi wa kemikali mliosoma mkakimbilia Dar, na wale mliopo Tabora na Kigoma mnafundisha sekondari, hebu andikeni hapo chini: hiyo klorini ingekuwa ya kwenu mngeipeleka wapi? Na kama kuna mtu amewahi kuona mtambo mdogo wa hivyo ukifanya kazi Afrika Mashariki, nipe namba ya fundi, nauli ya kwenda kuuangalia ninayo.